Kipanya kinakwama na kibodi inameza herufi: seti imekufa au ni mawimbi?

Mpigachapa_Umoja

Wadau wa kompyuta, habari za jioni. Naomba msaada kwa jambo linalonirudisha nyuma kikazi. Mimi hunakili sauti za mikutano na mahojiano kuwa maandishi, na kazi hii naifanyia nyumbani hapa Umoja, Nairobi. Mezani nina laptopu, seti ya kibodi na kipanya visivyo na waya (vyote viwili hutumia kipokezi kimoja kidogo cha USB), diski ya nje ninamoweka sauti za wateja, na hedifoni za Bluetooth.

Kipanya kinakwama. Nakisukuma, mshale unabaki palepale, kisha unaruka ghafla hadi ukingo wa skrini. Kibodi ndiyo mbaya zaidi. Nikiandika "mwenyekiti alifungua mkutano saa tatu", inatoka "mwenykiti alifugua mkutanooooooo sa tatu". Kazi yangu hulipwa kwa dakika ya sauti, kwa hivyo kurudi nyuma kusahihisha kila mstari ni hasara tupu.

Betri nimeweka mpya. Virusi nimeskani, hakuna. Kuna siku mambo yanakuwa sawa kabisa, na kuna siku hayashikiki. Dukani mjini wameniambia seti imeisha, ninunue nyingine. Kabla sijatoa pesa nataka kusikia wanaoelewa.

Kijana_wa_Saiba

Pole dada. Mimi naona hiyo Windows imechoka. Hifadhi kazi zako, fomati, weka upya. Wateja wangu wengi hupona hivyo.

Redio_Kasarani

Dada, usifomati chochote kwanza. Windows ikilemewa, kila kitu hukokota pamoja, hata video unayotazama bila kugusa kipanya. Wewe kinachopotea ni herufi na mwendo wa kipanya tu.

Na hiyo "mkutanooooooo" inasema mengi. Kibodi hutuma habari mbili kwa kila kitufe: moja ya kubonyezwa, nyingine ya kuachiliwa. Habari ya kubonyezwa ikipotea, herufi inakosekana. Ya kuachiliwa ikipotea au ikichelewa, kompyuta inaamini kidole bado kiko juu ya o na inaendelea kuichapa. Ukiona zote mbili kwenye mstari mmoja, shuku mawimbi yanayopotea njiani kabla hujashuku kitu kingine.

Nijibu maswali mawili. Kipokezi umekichomeka poti gani, na poti ya jirani ina nini? Pili, siku ambazo mambo yanakuwa sawa, diski huwa imechomekwa?

Mpigachapa_Umoja

Upande wa kulia kuna poti mbili zinazofuatana, zote zina ulimi wa buluu ndani. Moja ina kipokezi, ya pili ina diski. Zimekaribiana kiasi kwamba kichwa cha waya wa diski kinagusana na kipokezi. Upande wa kushoto kuna poti moja nyeusi, huwa nachomeka feni ya kupozea laptopu.

Na diski... kwa vile umeuliza: siku za kusahihisha maandishi peke yake sihitaji sauti, kwa hivyo siichomeki. Ndizo siku zisizo na shida.

Redio_Kasarani

Basi usinunue seti mpya. Ukiichomeka palepale itafanya vilevile, halafu utarudi dukani wakuuzie nyingine. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili linawatoa watu pesa kila siku mjini hapa, na inaniuma kuona kibodi nzima inatupwa kwenye taka.

Kipokezi chako kinasikiliza kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaani kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5. Ni masafa yasiyohitaji leseni, ndiyo maana kila mtengenezaji ameyakimbilia: Wi-Fi, Bluetooth, vipanya, kibodi, na hata vidhibiti vya michezo. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kuna kifaa kinachopiga kelele humo humo ingawa hakina antena na hakikukusudiwa kurusha chochote hewani. Kifaa hicho ni diski yako.

Diski yako hutumia USB 3, ile ya poti zenye ulimi wa buluu, ambayo husafirisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde. Umeme unaobadilika kwa kasi hiyo kwenye waya hautulii mahali pamoja. Nishati yake hutapakaa kuanzia chini kabisa hadi kukaribia gigahezi 5, na 2.4 iko katikati ya utapakaaji huo. Kiasi fulani huvujia hewani kupitia kichwa cha waya, waya wenyewe, na diski yenyewe. Aprili 2012 Intel walitoa waraka juu ya jambo hilihili. Walipounganisha diski ya USB 3, kelele kwenye masafa ya 2.4 ilipanda kwa karibu desibeli 20. Desibeli 20 maana yake ni nguvu mara 100. Sasa kipanya chako kinachoishi kwa betri moja miezi kadhaa kinarusha mawimbi dhaifu sana, na kipokezi chake kimegusana na chanzo cha kelele. Ni kama kumsikiliza mtu anayekunong'oneza wakati umeegemea spika ya matatu.

Kelele hiyo haichujiki. Wakiweka kichujio cha kuikata pale 2.4, watakuwa wanakata sehemu ya data yenyewe ya USB. Kinachobaki ni kuifunika kwa chuma pale inapotoka (watengenezaji wa bei ya chini huruka hatua hiyo), au kusogea mbali nayo. Kusogea mbali unaweza wewe mwenyewe, leo usiku.

Fanya hivi, na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi limeponya.

Acha kila kitu kilivyo. Anza kunakili faili kubwa kutoka kwenye diski, na wakati inaendelea zungusha kipanya polepole kwa duara, uone mshale unavyokwenda. Kunakili kukiisha, toa diski kwa utaratibu, ichomoe, zungusha tena. Kisha irudishe diski, lakini feni na kipokezi vibadilishane nafasi: kipokezi kiende upande wa kushoto, feni ije kulia. Nakili faili ileile, zungusha tena. Tuambie umeona nini kwenye kila hatua.

Mama_Hesabu

Jamani, nami nina shida hiyo lakini sina diski yoyote. Niko Pipeline, nafanya vitabu vya hesabu vya maduka. Nina laptopu nyembamba yenye poti za USB-C pekee, kwa hivyo nimenunua haba, ile ya kugawanya poti, yenye HDMI ya skrini ya pili. Kipokezi cha kipanya kimekaa kwenye haba. Nikichomeka skrini ya pili, kipanya kinakuwa kizito kama kinavuta mzigo.

Redio_Kasarani

Mama Hesabu, wewe na dada wa Umoja mnaugua ugonjwa mmoja. Ndani ya haba kuna mizunguko ya kasi kubwa ya USB 3 na ya picha, vyote vimesongamana kwenye kijisanduku cha ukubwa wa kidole, na mara nyingi kifuniko chake ni plastiki tupu. Skrini inapowaka, picha zinapita humo bila kupumzika. Kipokezi kitoe kwenye haba. Kama laptopu haina poti nyingine, kiweke mwishoni mwa waya wa kurefusha USB, mwisho huo uwe mbele yako mezani, na haba uisukume nyuma ya skrini.

Kijana_wa_Saiba

Mkuu, swali. Mbona kipokezi chenyewe kikiwa kwenye poti ya buluu hakijidhuru? Huku saiba nina mashine zenye poti za buluu tupu na nyingine hazina shida.

Redio_Kasarani

Swali zuri. Poti ya buluu ina seti mbili za nyaya ndani: za USB 2 za zamani, na za USB 3. Kipokezi cha kipanya ni kifaa cha USB 2, kinatumia zile za zamani peke yake, zinazofika megabiti 480 kwa sekunde. Hizo haziigusi 2.4 kwa namna ya kuumiza. Kwa hivyo rangi ya buluu haina kosa lolote. Kelele huanza pale kifaa cha USB 3 kinapozungumza kwenye poti ya jirani. Ndiyo maana mashine zako zisizo na diski wala flashi ya kasi ziko salama, na ndiyo maana shida hii huja na kuondoka, mtu akaishia kulaumu Windows.

Mpigachapa_Umoja

Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema.

Diski ikinakili, kipokezi kikiwa pembeni yake: duara langu linakuwa pembe. Mshale unasimama, unaruka, unasimama. Nilipochomoa diski, duara likawa duara, laini kabisa. Nilipohamisha kipokezi kushoto na diski ikaendelea kunakili upande wa kulia: kipanya kimetulia, kibodi karibu sawa. Nasema karibu kwa sababu bado herufi inapotea mara mojamoja, hasa nikivuta kibodi mapajani.

Yaani hiyo seti niliyoambiwa imekufa iko hai.

Redio_Kasarani

Iko hai na itazika betri nyingi. Sasa tumalizie hiyo "karibu".

Ukiweka kibodi mapajani, kati yake na kipokezi kuna ubao wa meza na mwili wako. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunywa mawimbi ya 2.4. Kipokezi nacho kimebanwa ubavuni mwa laptopu, chini ya kivuli chake. Tafuta waya wa kurefusha USB, upande mmoja dume, mwingine jike, wa nusu mita hadi mita moja. Luthuli na River Road wanauza kwa mia chache. Chomeka poti nyeusi ya kushoto, mwisho wenye kipokezi uulete mbele, juu ya meza, pale unapopaona kwa macho. Kisikae nyuma ya skrini, kisikae chini ya meza, na kisilale juu ya diski.

Muuzaji akikuonyesha waya wa buluu akisema ni bora zaidi kwa kuwa ni wa USB 3, mwambie unataka wa kawaida. Kwa kipokezi hautakuongezea kitu isipokuwa bei.

Kuna jaribio moja zaidi, kwa anayetaka kuhakikisha kwamba kosa ni la USB 3 na halihusiani na diski kuharibika. Diski nyingi za nje zina tundu pana lenye sehemu mbili, moja kubwa na moja ndogo pembeni. Ule waya wa simu wa zamani, micro-USB, unaingia kwenye ile sehemu kubwa. Ukitumia huo, diski itazungumza USB 2 peke yake. Itakuwa polepole, lakini kipanya kikitulia hapo hapo, hukumu imetoka. Kwa anayesikiliza sauti tu kama wewe, megabiti 480 zinatosha na kusaza.

Jirani_wa_Zimmerman

Naomba niulize lililo moyoni. Huku kwetu mshale hutembea wenyewe wakati mwingine, sijaugusa. Kuna kijana ghorofa ya juu anajua kompyuta sana. Anaweza kuwa ananiingilia?

Redio_Kasarani

Ndugu yangu, anza na yaliyo karibu. Geuza kipanya, futa tundu la mwanga kwa kitambaa kikavu. Unywele mmoja ukinasa pale mshale hutembea wenyewe. Meza ya kioo au yenye mng'ao hufanya hivyohivyo. Weka karatasi chini ya kipanya, na ukiona umetulia basi dawa ni hiyo karatasi. Kelele ya mawimbi hukwamisha mshale au kuurusha wakati unausukuma. Kuutembeza mbele bila mkono si tabia yake.

Kuhusu kuingiliwa, si hadithi ya kutungwa. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: baadhi ya vipokezi vya kampuni mbalimbali vilikubali kuingizwa vibonyezo vya kibodi na mtu aliye mbali, kwa sababu mawasiliano ya kipanya hayakufichwa kwa siri. Bluetooth haikuwa kwenye udhaifu huo. Kama kipokezi chako ni cha miaka hiyo, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji utafute sasisho la programu yake ya ndani. Lakini mshale kutembea peke yake bado si ushahidi dhidi ya mtu. Usimgombeze kijana wa watu kabla hujageuza kipanya.

Mpigachapa_Umoja

Waya nimepata Luthuli. Nimeufunga kwenye mguu wa taa ya mezani kwa kibandiko, kipokezi kinaniangalia usoni. Leo nimenakili mkutano mzima wa chama cha akiba na mikopo, diski ikiwa inafanya kazi muda wote, na kibodi haijameza herufi hata moja. Nimejaribu kwa makusudi nikiwa nimeegemea kiti, kibodi mapajani. Iko sawa.

Sasa imebaki hedifoni. Mchana zinasikika vizuri. Kuanzia kama saa moja jioni hadi saa nne usiku sauti inakatikakatika, hasa nikiwa napakia kazi kwa mteja huku nasikiliza nyingine. Diski hapo nimeshaichomoa, kwa hivyo si yenyewe. Nimeshindwa kuelewa saa inahusika vipi.

Mzee_Transista

Naomba kuchangia, mimi ni fundi wa redio tangu zamani. Saa moja jioni ni saa ya watu kurudi nyumbani. Hapo kila mlango wa ploti una ruta na simu kadhaa, na wengine wanapasha chakula. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45. Mlango wake ukilegea hata kidogo, kinachovuja kinatosha kuzima hedifoni za jirani wa upande wa pili wa ukuta. Ila hiyo utaitambua: hudumu dakika mbili tatu, inakwisha, na kwa oveni za kawaida inakuja kwa mapigo 50 kwa sekunde, kama umeme wetu wa Kenya Power ulivyo. Huyu dada anasema ni saa nzima nzima. Mimi ningeshuku Wi-Fi.

Redio_Kasarani

Mzee amesema vema, nami niendelee hapo.

Bluetooth ya hedifoni hugawanya yale masafa kuwa chaneli 79 za megahezi moja moja, na kuruka kutoka moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 ina akili ya kuzikwepa chaneli zenye msongamano. Kwa hivyo ruta moja haiisumbui sana. Wi-Fi moja inakula takriban megahezi 20, zinabaki kama 60, Bluetooth inahamia huko.

Ghorofa za Umoja, Pipeline, Zimmerman, Roysambu ni habari nyingine. Chaneli za Wi-Fi zisizokanyagana kwenye 2.4 ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiwa na majirani wenye ruta kila upande, juu na chini, zote tatu zimejaa jioni nzima. Kuna pia ruta zilizowekwa upana wa megahezi 40, ambazo peke yake zinameza nusu ya masafa. Hapo Bluetooth haina pa kukimbilia.

Halafu kuna jambo la pili, na kwako nadhani ndilo zito zaidi. Ndani ya laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth ni kadi moja, na mara nyingi zinatumia antena moja. Zikiwa zote kwenye 2.4 hupokezana zamu. Unapopakia faili kwa mteja, Wi-Fi inadai zamu nyingi, na sauti ya hedifoni haiwezi kungoja, ndipo inapokatika. Jioni mtandao ni wa polepole, kwa hivyo upakiaji unachukua muda mrefu zaidi na mateso nayo yanarefuka.

Fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike:

netsh wlan show networks mode=bssid

Itakupa majina ya ruta zote unazozisikia na chaneli ya kila moja. Tuletee hesabu. Usiandike majina ya majirani hapa.

Mpigachapa_Umoja

Ee Mola. Nimeshusha orodha hadi nimechoka. Chaneli 1 ruta tisa, chaneli 6 kumi na moja, chaneli 11 saba, nyingine zimekaa 3, 4 na 9. Huko juu, chaneli 36 na 149, ziko chache sana, na moja ni ya kwetu. Ruta ya kwetu ina majina mawili, moja linaishia na 5G, mimi hujiunga na lile lisilo na 5G kwa sababu lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Redio_Kasarani

Hizo za 3, 4 na 9 ndizo mbaya kuliko zote, zinakanyaga majirani wa pande mbili.

Dawa yako iko mkononi. Jiunge na lile la 5G, yaani masafa ya gigahezi 5 (usilichanganye na 5G ya simu), kisha laptopu uiambie isahau lile la kwanza ili isirudi huko yenyewe. Wi-Fi yako itakuwa imehama masafa, Bluetooth itabaki na antena bila kugombania zamu. Tatizo la gigahezi 5 ni kuta. Nyumba zetu ni mawe na zege, na 5 hupita kwenye kuta kwa shida kuliko 2.4. Ruta ikiwa sebuleni na wewe uko chumbani, acha mlango wazi kisha upime. Ikishindikana, vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi laptopu na uzime Wi-Fi kabisa. Hiyo ndiyo tiba ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu jirani hawezi kuivuruga.

Mwalimu_Mtandaoni

Samahani kwa kudandia. Hedifoni zangu zinapiga muziki vizuri sana, lakini darasa la mtandaoni likianza tu sauti inakuwa nyembamba, ya simu ya zamani. Haikatiki, ila inakuwa mbaya. Nimehamia gigahezi 5, hakuna mabadiliko. Ni mawimbi?

Redio_Kasarani

Si mawimbi, Mwalimu. Bluetooth ya kawaida ina hali mbili: moja ya kusikiliza tu yenye sauti nzuri ya pande mbili, na nyingine ya mazungumzo ambamo mikrofoni ya hedifoni inafanya kazi. Darasa likianza, programu inaomba mikrofoni, hedifoni inahamia hali ya pili, na sauti inashushwa hadi sampuli elfu 8 au elfu 16 kwa sekunde, ya upande mmoja. Kwenye mipangilio ya programu ya darasa chagua mikrofoni ya laptopu, hedifoni zibaki za kusikilizia. Sauti itarudi papo hapo.

Mama_Hesabu

Nimetoa kipokezi kwenye haba, nimetumia waya. Kipanya kimekuwa chepesi hata na skrini mbili. Lakini kuna kitu kimebaki: nikikaa bila kukigusa, nikihesabu risiti, kisha nikakisukuma, kinachelewa kama nusu sekunde ndipo kinaamka.

Redio_Kasarani

Mama, hapo hakuna kelele, ni usingizi. Kinachokwama mwanzoni tu baada ya kupumzika ni kuokoa umeme. Kinachokwama katikati ya mwendo ndicho cha mawimbi. Nenda kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, fungua kipokezi, sehemu ya usimamizi wa umeme, uondoe alama ya kuruhusu kompyuta kukizima. Kipanya chenyewe nacho hulala ili kutunza betri, hilo halizuiliki, lakini ucheleweshaji wake ni mdogo.

Mpigachapa_Umoja

Jioni hii nimepakia kazi kuanzia saa moja na nusu, hedifoni masikioni, kwenye lile jina la 5G, mlango wazi. Sauti haijakatika. Nilipofunga mlango kasi ilishuka lakini hedifoni ziliendelea vizuri. Asanteni sana, nyote. Ile pesa ya seti nitalipia ada ya mtoto.

Kijana_wa_Saiba

Mkuu Redio, nami nimejaribu kwangu Roysambu. Kompyuta zangu ni za mezani, zimepangwa kwenye ukuta mmoja, na vipokezi vyote vilikuwa nyuma ya sanduku la mashine. Nimevileta mbele kwenye poti za usoni, malalamiko yamepungua sana. Zimebaki mbili za mwisho, zile zinazopakana na ruta na printa, bado kibodi zinameza herufi mchana wateja wakiwa wengi.

Redio_Kasarani

Sanduku la mashine ni chuma, kipokezi kikikaa nyuma kinasikiliza ukuta badala ya mteja. Umefanya vizuri kuvileta mbele. Hakikisha tu poti ya pembeni yake hapo usoni siyo ile wateja wanayochomekea flashi za kasi, la sivyo shida itakuja kila mtu akitaka kuchapisha.

Kwa hizo mbili, usiguse kibodi bado. Ruta ndiyo ihame. Ipandishe juu ukutani, mita mbili au zaidi kutoka mashine ya mwisho, upana wake wa 2.4 uweke megahezi 20, na chaneli uchague kati ya 1, 6 na 11 baada ya kuangalia ipi ina watu wachache hapo kwenu. Printa kama inatumia Wi-Fi, ivutie waya.

Zikikataa baada ya hapo, ziwekee kibodi na vipanya vya waya. Mashine ya saiba haihami meza, na kibodi ya waya haiibiwi kipokezi wala haidai betri. Zile mbili zisizo na waya ziweke akiba ya mteja anayekuja na laptopu.